Nilipoanza Kujisikia Tena

Daktari alisema mwili wangu umepona. Mume wangu aliogopa kuugusa. Mimi mwenyewe nilikuwa siusikii kabisa. Mpaka siku mama mkwe aliponishikisha jembe kule Kisesa.

Kuna safari moja niliyoiona ndefu kuliko ya basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam. Ni safari ya kutoka upande wangu wa kitanda hadi upande wa mume wangu. Sita kwa sita tu. Shuka safi, neti imechomekwa vizuri, feni inazunguka. Lakini kwa miezi kumi hakuna aliyevuka.

Usije ukafikiri tuligombana. Hapakuwa na nyumba ndogo wala meseji za usiku wa manane. Kila asubuhi ananiuliza, "Umeamkaje mke wangu?" Namjibu, "Salama, sijui wewe." Ananishusha kazini, mimi naingia kwenye mahesabu yangu, yeye anakwenda kwenye mabomba yake ya maji, maana ni mhandisi. Jioni tunapita Kirumba kununua sato, tunakaanga, tunakula, tunaangalia taarifa ya habari. Ukitukuta kwenye harusi ya mtu, tumeshona sare, ungesema hawa ndio wanaojua mapenzi.

Kilichotokea ni hiki. Tulipoteza mimba ya miezi sita. Niliingia chumba cha upasuaji usiku, nikatoka asubuhi mikono mitupu na kovu chini ya kitovu. Ndugu walikuja, tukaliwa pole, wakaondoka. Chumba tulichokuwa tumepaka rangi ya maziwa tukakifunga kwa ufunguo. Hakuna aliyeuliza ufunguo umewekwa wapi.

Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Wapo wengi kati yetu, vijana tulio na kazi zetu na nyumba zetu za kupanga, ambao mwili umetupotea na tunaona aibu kusema. Kwa wengine ni baada ya uzazi, kwa wengine ni ugonjwa, kwa wengine ni ubize tu. Mimi wangu niliupata tena mahali ambapo sikutegemea, kwenye ngoma.

Mwili kama faili

Kwa kweli sina lawama na waliokuwa wakinitibu. Walinipima kila kitu. Presha iko sawa, damu iko sawa, kidonda kimekauka. Kila nilipokwenda kliniki, karatasi moja inaongezwa kwenye faili langu, na kila karatasi ilisema ninaendelea vizuri.

Tatizo ni kwamba na mimi nikaanza kujisoma kama faili. Nikisimama mbele ya kioo naona uzito, naona kovu, naona tumbo ambalo halijarudi. Nikioga, naosha kitu. Nikila, nakilisha kitu. Ni kama vile nilikuwa mlinzi wa nyumba ambayo mwenyewe kasafiri.

Mume wangu naye, masikini, alinishika kama mtu anayebeba glasi kwenye daladala. Akitaka kuniwekea mkono begani, anasita kwanza. Mimi nikiona amesita, nakaza bega. Yeye akiona nimekaza, anautoa mkono. Sekunde mbili tu, lakini usiku tulilala na sekunde hizo katikati yetu.

Tulijaribu kuongea. Tulikwenda kwa mshauri wa ndoa, tukaongea vizuri sana, kwa sababu sote wawili ni watu wa kuongea vizuri. Tuliufafanua mwili wangu mpaka ukaisha maneno. Tukarudi nyumbani, tukalala, kila mmoja upande wake.

Siku moja mama mkwe alipiga simu kuniuliza hali. Nikamwambia, "Mama, sijisikii." Nilimaanisha siko vizuri, kama tunavyosema wote. Yeye akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hujisikii? Basi njooni Jumapili. Kuna Bulabo."

Siku ya Bujora

Mimi si Msukuma. Kwetu ni Bukoba, ng'ambo ya ziwa, na kwa miaka yote niliyoishi Mwanza nilikuwa sijawahi kufika Bujora. Mume wangu Msukuma wa damu, lakini amekulia Nyakato na ngoma za kwao alizijua kwenye televisheni. Kwa hiyo Jumapili ile tulikuwa wageni wawili.

Bujora iko karibu na Kisesa, kama kilomita 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Hapo ndipo lilipo Jumba la Makumbusho ya Wasukuma. Lilianzishwa na Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, aliyefika Usukumani na kupewa jina la Fumbuka. Aliona kwamba huwezi kuhubiria watu huku umeziba masikio ngoma zao zikilia. Bulabo, sikukuu ya ngoma inayofanyika kila mwaka kuanzia Juni, imefungamana na sikukuu ya Ekaristi. Neno lenyewe maana yake ni maua.

Sikiliza sasa utamu wake. Ngoma za Wasukuma zina pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu. Ukifikiria Simba na Yanga umekaribia. Zilianzishwa na wataalamu wawili wa dawa za ngoma walioishi katikati ya karne ya 19, Ngika na Gumha, ambao waliamua kumaliza ubishi wao wa nani ana dawa kali kwa kushindanisha ngoma. Tangu hapo, mavuno yakishaingia ghalani, pande hizo mbili hukutana uwanjani. Kila upande unakuja na uganga wake na vituko vyake. Wapo wanaokuja na chatu hai shingoni!

Wanacheza muda uleule, viwanja viwili jirani. Na kwa desturi, mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hapatakiwi jopo la majaji na kalamu mezani. Wewe mtazamaji umesimama hapa, ukasikia kitu kule, mguu ukakuvuta, ukahama. Huo mguu ndio kura yako.

Nilikuwa nimesimama na pochi yangu, nimevaa viatu vya kazini, nikimweleza mume wangu habari ya maegesho ya gari. Nikashangaa nimekatisha sentensi. Nimeshasogea hatua kumi kuelekea kwenye ngoma ya majembe, ile inayoitwa bugobogobo, na kidevu changu kinapiga mdundo. Sikuamua. Nilijikuta.

Wachezaji walikuwa kwenye mstari, njuga miguuni, majembe mkononi. Wanainama pamoja, wanainuka pamoja, majembe yanazunguka hewani kama vijiti vya kuchezea watoto, yanarudi kiganjani. Hakuna anayeliangalia jembe lake. Bugobogobo ilizaliwa shambani, kwenye vikundi vya kulima kwa zamu, leo kwangu kesho kwako. Ngoma inapigwa, mstari unasonga, na mlimaji hodari anarusha jembe juu na kulidaka bila kupoteza pigo. Walicheza wakilima, na walilima wakicheza.

Kando ya uwanja mama mkwe alitukalisha tukale michembe, na hapo akatusimulia habari ya wigashe, ngoma inayochezwa mmekaa. Ndiyo, mmekaa chini! Miguu imetulia, mnaimba, na mikono, mabega na kiwiliwili ndivyo vinavyocheza. Mume wangu akacheka akasema, "Hiyo ndiyo yangu." Mama akamtazama. "Mwanangu, wewe umekaa miezi kumi. Kukaa siyo wigashe."

Wote tulinyamaza. Kumbe alikuwa anajua.

Mfaransa na beseni la dagaa

Nina shosti wangu anayefundisha falsafa chuoni. Nilipomsimulia yale ya mguu kuhama bila ruhusa yangu, alifurahi kama mtu aliyepata mchango wa harusi. Akaniambia kuna elimu nzima juu ya jambo hilo. Inaitwa fenomenolojia. Usiogope jina. Ni elimu ya kuyaeleza mambo kama yanavyomjia mtu anayeyaishi, kabla hajayapima na kuyaweka kwenye karatasi.

Mfaransa mmoja, Maurice Merleau-Ponty, aliandika kitabu kikubwa mwaka 1945 kuhusu utambuzi, na hoja yake mojawapo kubwa ni kwamba mwili si kitu nilicho nacho kama nilivyo na gari au simu. Mwili ndio mimi mwenyewe nikiwa duniani. Simu naweza kuiacha mezani nikaizunguka na kuitazama. Mwili siwezi kuutazama hivyo, kwa sababu ndio ninaotazamia.

Alitoa mfano wa kipofu na fimbo yake. Mwanzo fimbo ni kitu kigeni mkononi. Akishaizoea, haisikii tena fimbo, anasikia barabara. Ncha ya fimbo imekuwa kidole chake. Akatoa na mfano wa mwanamke aliyevaa kofia yenye unyoya mrefu, anayepita mlangoni bila kuuvunja na bila kupima kwa rula.

Hapo nikacheka. Mwanza hatuna haja ya kofia ya Paris. Nenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, asubuhi. Mama ana beseni la dagaa kichwani, mtoto mgongoni, anapita katikati ya mikokoteni na bodaboda, anainama chini ya turubai, anageuka kumjibu mtu, na hakuna dagaa hata mmoja anayedondoka. Ukimuuliza beseni lina upana gani hakujibu. Kichwa chake hakijui, lakini mwili wake unajua. Mwili wake unaishia pale beseni linapoishia.

Shosti wangu akaniongezea jingine nililolipenda zaidi. Mfaransa mwingine, Marcel Mauss, alitoa mhadhara mwaka 1934 akieleza aliyoyaona katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanajeshi wa Uingereza aliokuwa nao hawakuweza kuchimba kwa masepetu ya Kifaransa. Ikabidi kila divisheni ya upande mmoja ilipopokea zamu kutoka kwa upande mwingine, masepetu 8,000 yabadilishwe! Sepetu ni sepetu, wewe na mimi tungesema. Lakini mikono ya Mwingereza ilikuwa imefundishwa sepetu lake, na mikono haibadilishwi kwa amri ya jemadari.

Nilirudi nyumbani nikiwaza neno langu la simu, "sijisikii". Hebu liangalie vizuri. Katika Kiswahili tunasikia ngoma, na kwa neno hilohilo tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia uchungu. Tunajisikia vizuri au hatujisikii. Mtaani tukisema fulani anajisikia, tunamsema kwamba anaringa. Wahenga wetu hawakusoma Merleau-Ponty, lakini lugha yao ilikuwa imeshafika. Kusikia si kazi ya sikio peke yake. Ni mwili mzima kuupokea ulimwengu, na kujipokea wenyewe humohumo.

Mimi nilikuwa nimepimwa kila mahali. Sikuwa nimesikika, hata na mimi mwenyewe.

"Shika jembe"

Mama mkwe alituunganisha na kikundi cha jirani zake. Si kikundi cha majukwaa makubwa. Ni wakulima, mwalimu mmoja, fundi cherehani, vijana wa bodaboda. Wanafanya mazoezi jioni, jua likiwa limepoa. Nilimuuliza daktari kwanza, akaniruhusu. Basi kila Jumamosi tukawa tunatoka mjini saa tisa, tunapita Igoma, tunafika Kisesa, "Mwangaluka mayu, mwangaluka baba" kwa kila mtu, ingawa mwangaluka ni ya asubuhi na watoto walitucheka.

Siku ya kwanza nilikuwa kituko. Mimi ni mtu wa mahesabu, nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, inama, tatu, inuka. Kila nilipofika nne, wenzangu walikuwa wameshamaliza. Nikilirusha jembe nalikimbia. Mzee anayetufundisha alinitazama muda mrefu, kisha akaja kusimama nyuma yangu.

"Binti, unahesabu."

"Ndiyo, babu."

"Acha. Ngoma haikusubiri umalize hesabu. Sikiliza kwa magoti."

Nilidhani ni mzaha. Lakini nilipopiga magoti kidogo, nikawacha uzito ushuke, mdundo wa ngoma kubwa ukapanda kutoka ardhini. Kweli kabisa, niliusikia kwenye magoti, halafu kiunoni, halafu kwenye kovu. Nikashtuka. Sehemu ile ilikuwa imekufa ganzi tangu siku ya upasuaji. Nilikuwa nikiiosha, nikiipaka mafuta, sijawahi kuisikia. Sasa ngoma imebisha hodi pale.

Nikaacha kucheza, nikalia palepale uwanjani, jembe mkononi. Hakuna aliyesimamisha ngoma. Mama mkwe alikuja akanishika kiwiko, hakuniondoa kwenye mstari. Akasema, "Lia mwanangu, lakini usisimame. Machozi yana mdundo wake." Nikaendelea, nalia na kuinama, nalia na kuinuka. Nilipogeuza uso, mume wangu mstari wa pili alikuwa analia pia. Miezi kumi sikuwahi kumwona na chozi hata moja. Mikono yake ya uhandisi ilikuwa imelishika jembe kama anashikilia ukingo wa mtumbwi.

Wanaume wenzetu, naomba niwaambie jambo. Tulipompoteza mtoto, kila mtu aliniuliza mimi mwili wangu ukoje. Hakuna aliyemuuliza yeye. Kumbe na yeye alikuwa na mwili uliobeba. Mikono iliyokuwa imejiandaa kupokea, ikaambiwa ishushwe, na hakuna aliyeionyesha ishushwe wapi.

Wiki ya sita au ya saba ndipo jembe langu lilipoacha kuwa jembe. Sijui siku hasa. Nilikuwa nawaza kitu kingine kabisa, nikashtuka limeshapanda na limesharudi kiganjani. Lilikuwa limehamia ndani ya mwili wangu, kama fimbo ya yule kipofu. Jioni hiyo mzee alitupanga mimi na mume wangu tukabiliane, turushiane. Ukirusha huku umekaza, mwenzio hadaki. Ukirusha huku unamwonea huruma, halifiki. Lazima umwamini mkono wake kabla haujanyanyuka.

Alinirushia, nikadaka. Nikamrudishia, akadaka. Hatukusema neno. Zilikuwa zile sekunde mbili zetu, na safari hii hakuna aliyesita.

Wawili kwenye Ukuta wa China

Nisije nikakudanganya kwamba kila mwili ukiwekwa jukwaani unaponya ndoa. Shosti wangu alinionyesha kwenye kompyuta kazi za wasanii wawili wa Ulaya, Marina Abramović wa Serbia na Ulay wa Ujerumani. Walikutana miaka ya 1970, wakawa wapenzi, na kwa miaka kumi na miwili walifanya sanaa ambayo haina rangi wala udongo. Malighafi yao ilikuwa miili yao wenyewe mbele ya watu.

Mwaka 1980 walifanya kazi iliyonitoa jasho. Yeye ameshika upinde, mwanaume ameshika uzi wenye mshale, mshale umeelekezwa moyoni kwa mwanamke. Wote wameegemea nyuma, kwa hiyo uzito wa miili yao ndio unaovuta upinde. Vinasa sauti vidogo vinasikilizisha mapigo ya mioyo yao yakienda mbio. Dakika nne hivi. Mkono ukiteleza, basi.

Nilipoiona nikasema, hii ndiyo ndoa. Kila siku unampa mtu upinde ulioelekea kwako na kuegemea.

Lakini sikia mwisho wake. Mwaka 1988 walitembea Ukuta Mkuu wa China, kila mmoja akianzia upande wake, takriban miezi mitatu. Walipopanga safari ile walitaka wakutane katikati wafunge ndoa. Ruhusa ikachukua miaka, mapenzi yakachacha njiani. Walipokutana katikati, waliagana. Miili ilifika, wenyewe walikuwa wameshaondoka.

Mwaka 2010, New York, Abramović alikaa kwenye kiti ndani ya jumba la makumbusho la MoMA, siku baada ya siku kuanzia Machi hadi Mei, kwa saa zaidi ya 700 kwa jumla. Yeyote aliyetaka alikaa mbele yake, wakatazamana kimya. Wengi walilia. Siku ya ufunguzi Ulay alikuja akakaa. Mwanamke akavunja utaratibu wake mwenyewe, akanyoosha mikono mezani akamshika. Ulay amefariki mwaka 2020.

Nilijifunza mambo mawili hapo. La kwanza, kukaa na mtu bila kufanya lolote, ukimpa mwili wako wote, ni kazi nzito kuliko kuongea. Ni wigashe ya aina yake! La pili, mwili unaweza kuwa hodari mbele za watu na bado nyumbani ukawa umehama. Ndiyo maana nashukuru kwamba sisi kikundi chetu hakina kiingilio. Ukikosea, kuku ndio wanaokimbia.

Si dawa

Wale waliopenda hadithi ziishe kwa mtoto, samahani. Hatujapata mwingine bado, na hatujui. Ngoma si dawa ya uzazi, wala si badala ya daktari. Kuna Jumamosi ninaamka sijisikii tena, na sitaki kuona jembe la mtu. Kuna siku mume wangu anasita tena.

Tofauti ni kwamba sasa natambua kusita kule ni nini. Zamani nilikuwa naona mwanaume asiyenitaka. Sasa naona mikono inayotafuta mdundo. Namwambia, "Rusha tu." Tunacheka.

Usiku mmoja, mvua kubwa ya ziwani inapiga mabati, umeme umekatika, feni imesimama. Joto. Nilikuwa macho na yeye yuko macho. Niliuchukua mkono wake nikauweka juu ya kovu. Sikumweleza kitu. Mkono ulikuwa na sugu za mpini, na mimi nilizisikia zote, moja baada ya nyingine. Akasema, "Ndipo alipokuwa." Nikasema, "Ndipo."

Tulikuwa tumevuka. Sita kwa sita, miezi kumi na minne.

Asubuhi yake aliuliza ufunguo wa kile chumba uko wapi. Tulifungua madirisha. Majembe yetu mawili ndiyo yanayokaa mle kwa sasa, yameegemezwa ukutani.

JARIBUNI NA MWENZI WAKO

1. Tafuteni kazi moja ya mikono minne. Kukanda unga, kufua mashuka, kupaa samaki, kupiga kasia Bwiru. Iwe kazi ambayo mmoja akichelewa, mwingine anasikia. Simu ziachwe chumbani.

2. Msihesabu. Msiulizane "unajisikiaje" kila baada ya dakika tano. Mwili unaopimwa muda wote hujificha. Upeni wiki kadhaa.

3. Kaeni wigashe. Dakika kumi jioni, mmekaa mkitazamana, hakuna kuongea. Mtacheka mwanzoni. Subirini kicheko kiishe.

4. Muulize na mwanaume. Kama mlipoteza kitu, mlipoteza wawili. Muulize mikono yake ikoje.

5. Daktari kwanza. Kama una mshono, maumivu, au huzuni inayokukosesha usingizi na hamu ya kula wiki kwa wiki, nenda ukaonwe. Baada ya upasuaji, uliza kabla ya kuruka.

6. Fika Bujora. Hata kama wewe si Msukuma. Bulabo huanza Juni. Simama katikati ya viwanja viwili, nyamaza, uone mguu wako utapiga kura wapi. Na ukikutana na mama mmoja anayegawa michembe na kusema ukweli bila kuombwa, mwambie wabeja. Ni mama mkwe wangu.